Labrador wa jirani, masikio yanayonuka, na bahari ya Malindi

*"Daktari, salaam. Tunakaa Malindi, mwendo wa dakika chache kutoka ufuoni. Jirani yetu Mwitaliano anarudi kwao na anataka kutuachia mbwa wake, Labrador dume wa miezi kumi, rangi ya manjano. Mwanangu wa miaka tisa anampenda sana. Jirani anasema mbwa huyu kaumbwa kwa maji, mradi aogelee kila siku basi hana shida. Lakini mimi naona kila akitoka baharini anakung'uta kichwa, anajikuna masikio, na yananuka. Majirani wengine wananishauri nimnyoe manyoya kwa sababu ya joto, wengine wanasema maji ya chumvi yanaua kupe na kutibu ngozi, wengine kwamba nitakuwa nimepata mlinzi wa bure. Mama mkwe tunaishi naye, na hataki mbwa aingie ndani kwa ajili ya najisi. Je, nimchukue?"*

Dada, jirani yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ile nyepesi. Labrador anapenda maji kweli, na kumpeleka baharini ndiyo kazi rahisi kuliko zote utakazopata naye. Kazi yenyewe iko katika ile saa moja baada ya kutoka majini, katika sahani yake ya chakula, na katika jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo: atalala wapi. Nitaanza na masikio kwa sababu hayo hayangoji uamuzi wako. Awe wako au wa jirani, kwa dalili ulizozieleza, karibu hakika mbwa huyo ana uvimbe wa sikio sasa hivi.

Tundu la sikio la mbwa haliendi moja kwa moja ndani kama letu. Linashuka chini kwanza, kisha linakata kona kuelekea kichwani, kwa umbo la herufi L. Kwa Labrador, juu ya tundu hilo linalala sikio zito linaloziba hewa. Maji yakiingia yanatuama kwenye kona ile. Ndani ya sikio zima la mbwa kuna fangasi na bakteria wachache ambao kwa kawaida hawana madhara. Wakipata unyevu wa kudumu na joto wanaongezeka, ngozi inavimba, tundu linakuwa jembamba zaidi, na maji ya kesho yanakosa hata ile njia ndogo ya kutokea. Ndiyo maana tatizo hili halipoi lenyewe huku mbwa akiendelea kuogelea.

Liinue sikio uangalie mchana, kwenye mwanga. Ngozi ya waridi hafifu, kavu, isiyo na harufu ni salama. Nta ya kahawia inayonata na kunuka uchachu mara nyingi ni fangasi. Ukiona usaha, au mbwa akilia ukimgusa, au akiinamisha kichwa upande mmoja, au akipepesuka, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Hata bila dalili hizo kali, kwa hali uliyoieleza daktari anapaswa kumwangalia ndani ya wiki hii. Atachungulia kwa kifaa chenye taa kuona kama kiwambo cha sikio ni kizima, na atachukua nta kidogo aiangalie kwa hadubini ajue ni fangasi, bakteria au utitiri. Dawa za vitu hivyo vitatu si moja.

Kabla ya hapo usimtie chochote: si mafuta ya nazi, si siki, si spiriti, wala matone ya masikio ya binadamu yaliyobaki kabatini. Kiwambo kikiwa kimetoboka, dawa inapenya hadi sehemu ya ndani inayoshika usikivu na mizani ya mwili, na mbwa anaweza kubaki kiziwi. Pamba za vijiti pia ziache. Zinasukuma uchafu kwenye ile kona. Na mpaka matibabu yaishe, jambo ambalo mara nyingi huchukua wiki mbili au zaidi, asiogelee.

Akishapona, utaratibu wa baada ya bahari ni huu. Mnunulie kwa daktari dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, ile yenye kukausha. Shika sikio uliinue juu, jaza tundu kwa dawa bila kuingiza ncha ya chupa ndani, kisha kanda chini ya sikio kwa vidole kwa muda wa nusu dakika. Utasikia mlio wa majimaji, na hapo ndipo unajua dawa imefika. Mwache akung'ute kichwa (simama pembeni), halafu futa kwa pamba sehemu ile tu ambayo kidole chako kinafika. Siku zisizo za kuogelea usimsafishe ovyo, kwani sikio linalosuguliwa kila siku nalo huvimba. Kama masikio yatarudi kuuma hata akiwa hajagusa maji, mwambie daktari afikirie mzio, wa chakula au wa vumbi na chavua. Jamii hii ya mbwa wanaupata sana, na sikio mara nyingi ndilo la kwanza kuonyesha.

Sasa manyoya. Usimnyoe. Labrador, licha ya jina lake, asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada, ambako wavuvi waliwatumia wazee wake kuvuta kamba za nyavu na kurudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za biashara ya samaki ziliwaleta Uingereza, hasa kupitia bandari ya Poole, na mabwanyenye wa huko wakawafuga kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi, nchi kavu na majini. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi mwaka 1903. Kila unachokiona kwenye mwili wake kimetokana na kazi ile ya maji baridi: ngozi kati ya vidole vya miguu, mkia mnene unaofanana na wa fisimaji ambao ndio usukani wake, na manyoya ya tabaka mbili, la nje gumu lenye mafuta na la ndani laini na zito.

Mbwa hapozi mwili kwa jasho la ngozi kama sisi. Anapoa kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na njia ya pumzi. Kumnyoa kwa hiyo hakumpunguzii joto kwa kiasi watu wanachodhani, lakini kunaiacha ngozi wazi kwa jua la pwani, na kwa mbwa wa rangi ya manjano ngozi hiyo ni nyeupe. Kinachomsaidia ni kuchanwa mara moja au mbili kwa wiki ili manyoya ya ndani yaliyokufa yatoke. Yatakuwa mengi. Utayakuta kwenye mikeka, kwenye kanga, kwenye wali. Hili nalitaja mapema kwa ajili ya mama mkwe.

Maji ya chumvi hayatibu ngozi na hayaui kupe. Chumvi na mchanga vikibaki chini ya manyoya mazito vinawasha, mbwa anajilamba na kujitafuna, na ndani ya saa chache unaweza kukuta kidonda chekundu, chenye maji, upana wa kiganja. Akitoka baharini mwogeshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka uhisi kwa vidole kwamba mchanga umetoka hadi kwenye ngozi, hasa kwapani, kinenani na chini ya kola. Kola yenyewe ivue ikauke. Sabuni ya mbwa mara moja kwa mwezi inatosha. Zaidi ya hapo unamwondolea yale mafuta yanayomkinga.

Kupe wa pwani ni jambo zito kuliko wengi wanavyolichukulia, maana wanaambukiza magonjwa ya damu. Mbwa akipata homa, akikataa chakula, fizi zikipauka au akitokwa damu puani, apimwe damu bila kuchelewa. Kwa mbwa wa kuogelea, uliza dawa ya kumeza. Ile ya matone ya mgongoni inataka asilowe kwa takriban siku mbili kabla na siku mbili baada ya kupakwa, na kwa huyu hilo ni ndoto. Mbu nao huambukiza mbwa minyoo ya moyo. Mwambie daktari ampime kwanza ndipo aanze dawa ya kukinga, kwa sababu kumpa dawa hiyo mbwa ambaye tayari ana minyoo damuni kunaweza kumletea madhara.

Joto ndilo linaloweza kumuua mchana mmoja. Kuhema kunapoza pale tu maji yanapokauka, na Malindi hewa imejaa unyevu, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi. Labrador hajui kusimama. Mpira ukirushwa mara hamsini ataufuata mara hamsini, na bahari yetu yenye uvuguvugu haimpozi mbwa anayeogelea kwa nguvu zote. Mtoe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja na nusu jioni. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mchanga au lami. Usipoweza kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake pia haziwezi.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita nyuzi 40.5 yuko hatarini. Utaona anahema kwa kelele bila kutulia, ulimi umepanuka na kuwa mwekundu sana, mate yanakuwa mazito, anayumba. Hapo mpeleke kivulini na ummwagie maji ya bomba mwili mzima, tena na tena, huku mtu akimpepea. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, kwani linashika joto. Mpe maji anywe kidogo kidogo kama ana fahamu. Ukiwa na kipimajoto, acha kummwagia kikifika nyuzi 39.5, kisha nenda kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu. Figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Kuhusu bahari yenyewe, usidhani kila Labrador anazaliwa anajua kuogelea. Asisukumwe wala kurushwa. Huyu wenu tayari anaogelea, kwa hiyo kinachobaki ni kuchagua wakati na mahali. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, ni nzuri kwake. Siku za bamvua maji yanapotoka yanavuta kwa nguvu, na mbwa anayefuata kijiti hatazami nyuma. Wakati wa kusi, mawimbi yakiwa makubwa, atosheke na kutembea ufuoni. Mlango wa Mto Sabaki uache kabisa: kuna viboko na mamba, na maji yenyewe ni ya tope, huoni kilicho chini. Kwenye fukwe ambako kasa hutaga, kama za Watamu, awe kwenye kamba, kwa sababu kufukua mchanga ni burudani yake ya pili baada ya maji.

Akiogelea huku akiwa na mpira mdomoni, taya limeachama na anakunywa chumvi bila kutaka. Tumia kitu bapa kinachoelea, na kila dakika kumi hadi kumi na tano mtoe apumzike na anywe maji matamu uliyobeba. Kuharisha kidogo baada ya bahari hutokea. Kutapika mara kwa mara, kutembea kama mlevi au kutetemeka ni sumu ya chumvi, na hiyo ni dharura. Siku moja pia unaweza kumwona mkia umelegea kabisa, unaning'inia, analia akikaa. Usiogope kwamba umevunjika. Mara nyingi ni misuli ya mkia iliyochoka kwa kuogelea kupita kiasi, na huisha kwa mapumziko ya siku kadhaa. Daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu ya mbwa. Brufen, diklofenaki na Panadol za nyumbani usimpe kamwe.

Halafu kuna bunju, samaki mwenye sumu. Wavuvi wakimpata kwenye wavu humtupa, na mara nyingine hubaki ufuoni. Sumu yake inalegeza misuli mpaka ile ya kupumulia, haina dawa ya kuiondoa, na Labrador ni mbwa ambaye huokota kwanza ndipo hufikiri. Kabla ya kumwachia huru ufuoni mfundishe amri mbili mpaka azitii papo hapo: "njoo" na "acha". Anza uani kwa kamba ya mita kumi, kila akitii mpe kipande kidogo cha chakula, na usimwite kwa kumgombeza. Kwa jamii hii mafunzo ni mepesi, kwa sababu tumbo lake linakusaidia.

Tumbo hilohilo ndilo adui yake. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba takriban robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo POMC, ambayo inaudhoofisha ule ujumbe wa kuwaambia kuwa wameshiba. Kwa hiyo yale macho ya kuomba si ushahidi wa njaa. Katika jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2002, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, na hao ndio walioishi zaidi, kwa karibu miaka miwili, na maumivu ya viungo yakawachelewa. Sijui dawa ya duka yoyote inayofanya hivyo.

Labrador mzima wa kilo 30 hivi anahitaji takriban gramu 350 hadi 450 za chakula kikavu cha mbwa kwa siku, kigawanywe mara mbili, upime kwa mizani na si kwa mkono. Huyu wa miezi kumi bado anakua, fuata kiasi cha umri wake kwenye mfuko. Papasa mbavu zake: uzihisi kwa urahisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu aonyeshe kiuno. Ugali na dagaa pekee vitamshibisha lakini havitamlisha vilivyo, na ng'onda ana chumvi nyingi mno. Mifupa iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti viwe mbali naye.

Mlinzi? Atabweka mgeni akija, kisha atamletea kiatu. Kama unachotafuta ni ulinzi, mbwa wa kienyeji ana macho zaidi, anavumilia joto, na anakula kidogo.

Kwa mtoto ni rafiki mwema, ila kuna mambo mawili. Mbwa wa kilo 30 akimwona mtoto majini humfuata na kujaribu kumpanda mabegani; kucha zinachana na uzito unamzamisha. Wasiwe majini pamoja bila mtu mzima kuwa kati yao. Na ufuoni mtoto asimshike kamba peke yake, kwa sababu mbwa akiona ndege atamburura. Mifupa ya mbwa wa umri huu pia haijakomaa mpaka kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu, hivyo asikimbizwe na baiskeli wala kuruka kutoka juu ya kuta. Kuogelea kwa kiasi ni zoezi zuri kwa viungo vyake. Ukimwona akikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja, apigwe eksirei ya nyonga.

Narudi kwa mama mkwe. Hukumu ya najisi ni ya sheikh wenu, mimi si wa kuitoa, na namheshimu mama kwa msimamo wake. Ninachoweza kukueleza ni mbwa alivyo. Huyu analamba, anaegemea watu, anapukutisha manyoya, na akilowa hujikung'uta katikati ya kundi. Katika nyumba inayofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huosha mara saba, moja kwa udongo, mtaosha sana. Unaweza kumtengea upande wa ua wenye kivuli, bomba lake, vyombo na taulo zake, na nguo za kuvaa mkimhudumia. Lakini Labrador hakai vizuri peke yake nje. Akikosa watu kwa siku nzima hubweka, hufukua na kutafuna, kisha lawama zinamwangukia yeye. Kama hakuna baraza au ua ambako familia hukaa naye saa kadhaa kila siku, asubuhi na jioni, ushauri wangu ni umkatalie jirani kwa upole, amtafutie kwingine angali na muda.

Mkiwa na nafasi hiyo, na mama mkwe akaridhia kutoka moyoni na si kwa kunyamaza, mwombe jirani mbwa akae kwenu wiki mbili kabla hajasafiri, ili awepo wa kumrudishia. Mwombe pia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hurudiwa kila mwaka, rekodi ya dawa za kupe na minyoo, aina na kiasi cha chakula anachokula sasa, na majibu ya vipimo vya nyonga vya wazazi wake kama vipo. Suala la kumhasi lizungumze na daktari akishamaliza kukua. Na gharama ya matibabu ya masikio ya sasa ni halali ailipe jirani mwenyewe. Mwambie wiki hii, na daktari mtakayemwendea awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.